Nani Anayeanza? Uteuzi wa Kitabu cha Awali cha Kiswahili kwa Wanachuo wa Uganda, 1870–2022: Mtazamo kutoka Ggaba

Utangulizi

Swali linaloshughulikiwa na makala haya huonekana dogo. Walimu wa idara huketi, hutandaza mezani vitabu vitatu au vinne, kisha huamua ni kipi kitakachonunuliwa kwa ajili ya wanachuo wanaoanza kujifunza Kiswahili. Bei huulizwa kwanza, upatikanaji katika maduka ya Kampala huulizwa pili, na yaliyomo huulizwa mwisho iwapo muda umebaki. Nimeketi katika vikao vya aina hiyo zaidi ya mara moja, na sikumbuki hata kimoja ambamo mtu aliuliza kitabu kile kiliandikiwa nani. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba swali hilo ndilo lililopaswa kutangulia mengine yote. Kila kitabu cha awali kina mtu wake anayedhaniwa kuwa ndiye anayeanza, na mtu huyo huonekana katika mpangilio wa masomo, katika mifano na katika yale ambayo mwandishi hakuona haja ya kuyaeleza. Vitabu vinavyochunguzwa hapa vimemdhania mmisionari, askari, mlowezi, mwanadiplomasia na mwanafunzi wa Marekani. Mwanachuo wa Uganda, ambaye mara nyingi huja darasani akiwa tayari na lugha ya Kibantu kinywani, hakudhaniwa na yeyote.

Ggaba ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Barabara itokayo katikati ya Kampala hupitia Kabalagala, Kansanga na Bunga, ikaishia ziwani, penye mwalo wa samaki na mitambo ya maji inayonywesha jiji. Kuna chuo cha ualimu wa shule za msingi na kuna seminari kuu. Njiani, huko Kansanga, kipo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kilichofunguliwa 2001 na kuvuta wanafunzi wengi kutoka Kenya na Tanzania. Kwa hiyo mkazi wa Ggaba husikia Kiswahili katika teksi, kwenye mabweni na mwaloni. Neno lenyewe la mwalo ni omwalo kwa Luganda, na mvuvi wa Mwanza hahitaji mkalimani wa kulielewa. Hata hivyo, mwanachuo wa hapa anapofungua kitabu cha awali hukuta akifundishwa kama mtu aliyeshuka jana kutoka melini.

Wasomi wa kwanza

Kiswahili hakikuletwa Buganda na vitabu. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walifika katika mahakama ya Kabaka Suuna kabla ya kati ya karne ya 19, na mwanawe, Mutesa I, alikifahamu Kiswahili pamoja na Kiarabu. Alexander Mackay wa Shirika la Kimisionari la Kanisa la Uingereza alipofika mwaka 1878, lugha aliyoitumia kwanza mbele ya Kabaka ilikuwa Kiswahili, na vijana wa ikulu walijifunza kusoma kwa maandiko ya Kiswahili kabla ya kuwapo tafsiri ya Luganda. Watu hao waliitwa abasomi, yaani wasomi. Kitenzi hicho kimoja kilibeba kujifunza herufi, kwenda shule na kuingia dini, na ni kitenzi kile kile katika lugha zote mbili.

Kitabu kilichotawala zama hizo kilikuwa mwongozo wa Edward Steere, uliochapishwa London mwaka 1870. Miaka 20 kabla yake, Ludwig Krapf alikuwa ametoa muhtasari wake wa sarufi huko Tübingen, akiegemea Kimvita. Steere aliegemea Kiunguja, na jina la kitabu chake lilisema waziwazi kwamba hicho ni Kiswahili kama kinavyosemwa Zanzibar. Anayeanza katika kitabu hicho ni kijana wa Kiingereza aliyesoma Kilatini shuleni. Ngeli za nomino zinaelezwa kwake kama jambo geni lisilo na mfano katika lugha alizozijua, na inambidi azoee kwa subira. Steere hakukosea, kwani huyo ndiye aliyemwandikia. Kosa lilifanywa na waliokuja baadaye, waliochukua mpangilio wake kana kwamba ndio mpangilio wa lugha yenyewe.

Uhai wa Kiswahili kama lugha ya kusomea Buganda ulikuwa mfupi. Mackay alikuwa ametamani lugha moja ienee Afrika ya Mashariki, na lugha aliyoifikiria ilikuwa Kiswahili. Alifariki 1890. Mwishoni mwa mwaka huo huo aliwasili George Pilkington, ambaye alitoa mwongozo wa Luganda mwaka 1892 na kuongoza tafsiri ya Biblia nzima iliyokamilika 1896. Askofu Alfred Tucker, katika kumbukumbu zake za 1908, alieleza kwamba hakukubaliana na Mackay, kwa kuwa alikiona Kiswahili kiko karibu mno na Uislamu. Tangu hapo aliyetaka kusoma Buganda alisoma kwa Luganda, na kitabu cha awali cha Kiswahili kikabaki mikononi mwa mgeni.

Kamati iliyohamia Makerere

Mwaka 1927 Gavana William Gowers aliandika waraka uliopendekeza Kiswahili kikuzwe kama lugha ya elimu na utawala nchini Uganda. Upinzani wa Buganda ulikuwa mkali. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliweka pingamizi lake kwa maandishi, na viongozi wa makanisa wakawa upande huo huo. Historia hiyo imeelezwa mara nyingi na haihitaji kurudiwa hapa. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba Uganda, pamoja na mabishano hayo yote, iliingia mwaka 1930 katika Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki pamoja na Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Kazi mojawapo ya Kamati ilikuwa kukagua miswada ya vitabu vya Kiswahili na kuipa idhini. Nchi iliyokuwa ikikikataa Kiswahili shuleni ilikuwa na kiti katika meza ya kuamua kitabu gani cha Kiswahili kinafaa.

Kinaya hicho kilifikia kilele mwaka 1952. Ofisi za Kamati zilihamia Makerere, zikakaa Kampala kwa takriban miaka kumi, na jarida lake likahaririwa kutoka mlimani hapo. Mwaka huo huo Kiswahili kilitangazwa kutokuwa tena miongoni mwa lugha za Kiafrika zinazotambuliwa katika shule za Uganda; kilibaki kwa polisi na watoto wao. Wataalamu wa Kiswahili walioketi Makerere walitafiti lahaja za pwani kwa bidii kubwa na kwa manufaa yetu sote. Mwanafunzi aliyekuwa umbali wa maili chache kutoka dirisha lao hakuwa sehemu ya kazi yao, wala sera haikuwapa sababu ya kumfikiria.

Kwa polisi na jeshi vitabu havikukosekana. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha Kiswahili cha bara, ambacho jina lake refu linawataja walengwa mmoja mmoja: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Ni nadra kitabu kukiri hivyo jaladani. Kiswahili cha namna hiyo ndicho Waganda wengi walichokisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na chuki iliyotokana nacho haikuondolewa na sarufi sanifu.

Waandishi waliojua lugha zote mbili

Hapa ndipo historia hii inapokuwa na jambo la kushangaza kweli. Mwaka 1944 E. O. Ashton, mhadhiri wa SOAS huko London, alitoa sarufi ya Kiswahili ambayo mpaka leo wengi wetu huifungua tunapokwama. Miaka kumi baadaye, 1954, Ashton huyo huyo, pamoja na E. M. K. Mulira, E. G. M. Ndawula na A. N. Tucker, alitoa sarufi ya Luganda. Vitabu hivyo viwili ni ndugu. Vinapanga ngeli kwa namna inayofanana, vinashughulikia mnyambuliko wa vitenzi kwa namna inayofanana, na vyote vinaeleza mambo hayo kwa Kiingereza kwa msomaji ambaye lugha yake ni Kiingereza. Wawili kati ya waandishi wa kitabu cha pili walikuwa Waganda, na Mulira alikuwa mwalimu aliyejishughulisha kwa dhati na nafasi ya lugha za Kiafrika katika elimu. Ujuzi wote uliohitajika kuandika kitabu cha Kiswahili kwa Mganda, au cha Luganda kwa Mswahili, ulikusanyika katika chumba kimoja. Kitabu hicho hakikuandikwa.

Miaka 14 baadaye jambo lile lile lilitokea tena. Kufikia mwaka 1968 Taasisi ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imetoa kozi ya msingi ya Kiswahili na kozi ya msingi ya Luganda. Earl Stevick alikuwa na mkono katika zote mbili, na katika ya Luganda alishirikiana na Mganda, Frederick Katabazi Kamoga. Kozi hizo zilitegemea mazoezi ya kurudiarudia na kanda za sauti, mbinu iliyokuwa mpya kwa wakati ule. Wanafunzi wake walikuwa maofisa wa ubalozi na wafanyakazi wa kujitolea. Kwa mara ya pili, kalamu moja iliziandika lugha zote mbili bila kuzikutanisha.

Vitabu vya vyuo vikuu vya Marekani vilivyofuata, kama kile cha Sharifa Zawawi cha 1971 na kile cha Thomas Hinnebusch na Sarah Mirza cha 1979, ni vitabu vizuri. Cha Hinnebusch na Mirza hasa kina mpangilio wa subira na mazoezi mengi, na mwalimu wa Kampala atakayekikosa atakuwa amekosa msaada. Lakini kinamfundisha mtu kwa majuma mengi kwamba nomino zina makundi na kwamba kivumishi na kitenzi hufuata kundi la nomino. Mtoto wa Masaka alilijua hilo kabla ya kuota meno ya pili. Anasema omuntu na abantu, ekitabo na ebitabo. Kumwambia mtu na watu, kitabu na vitabu, kunahitaji saa moja tu, pamoja na onyo kwamba irabu ya mwanzo imeondoka.

Aligenda

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kufanana huko kunamaliza kazi. Kunaihamishia mahali pengine, na mahali hapo hapaguswi na kitabu chochote kati ya vilivyotajwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa njeo. Mswahili akisema alikwenda, safari imekwisha kufanyika. Mganda akisema aligenda, safari haijafanyika, na wala haitafanyika leo. Ni ya wakati ujao ulio mbali. Kiambishi ni -li- kote kuwili, na nafasi yake ndani ya kitenzi ni ile ile, lakini wakati umegeuka. Vivyo hivyo anaenda ya Kiswahili ni ya sasa, ilhali anaagenda ya Luganda ni ya baadaye kidogo, pengine jioni hii. Mwanachuo anayesoma Kiswahili kwa kutegemea sikio lake la Luganda atazielewa sentensi nyingi za hadithi kinyume, na atazielewa bila kusita, kwa sababu hakuna kinachomshtua. Mzungu aliyesomeshwa na Ashton hawezi kufanya kosa hilo, na ndiyo maana Ashton hakulionya.

Yapo na mengine. Kuwapa watu kitu, kwa Luganda, ni okuwa, na kwa hiyo kuwa ya Kiswahili huleta utata kila mara. Kale ya Luganda ni kukubali, haya basi. Kale ya Kiswahili ni zama zilizopita. Luganda haina h katika maneno yake ya asili, nayo huitumia r na l kwa kufuata irabu iliyotangulia, ambapo katika Kiswahili kura na kula ni mambo mawili yasiyohusiana. Kwa upande mwingine, Luganda ina konsonanti maradufu ambazo Kiswahili hakina. Jina Ggaba lenyewe ni ushahidi: machapisho mengi ya zamani huliandika kwa g moja, na wageni bado hulitamka hivyo.

Mambo haya yote yangeweza kuelezwa katika kurasa 40. Nasisitiza idadi hiyo kwa sababu washauri wa sera hudhani kwamba kinachotakiwa ni kitabu kipya kikubwa, chenye rangi na sauti na picha. Sehemu kubwa ya kitabu kikubwa ingekuwa mambo ambayo mwanafunzi huyu anayajua.

Lakini si kila mwanachuo wa Uganda ni Mganda, wala si kila mmoja ni mzungumzaji wa lugha ya Kibantu. Kwa Mwacholi, Mlango, Mteso, Mkaramoja au Mlugbara, ngeli ni jambo geni kama zilivyokuwa kwa msomaji wa Steere. Hata hivyo watu wa kaskazini, kwa njia ya jeshi, polisi na biashara ya mipakani, mara nyingi wamekisikia Kiswahili zaidi na kukichukia kidogo kuliko wenzao wa Buganda. Basi mwenye sarufi karibu hana hamu, na mwenye hamu hana sarufi karibu. Katika darasa la Ggaba wote wawili huketi dawati moja na kugawana nakala moja. Kitabu kimoja cha awali kwa nchi nzima, kinachoanza na ukurasa mmoja kwa wote, kitamchosha mmoja wao na kumwacha mwingine.

Mfano wa Brazili

Kihispania kinatupatia ulinganisho wenye manufaa. Antonio de Nebrija alipochapisha sarufi yake ya Kikastilia mwaka 1492, alitenga sehemu ya tano na ya mwisho kwa ajili ya watu wa lugha nyingine watakaotaka kujifunza. Alitambua, mwanzoni kabisa mwa historia ya sarufi zilizochapwa za lugha za Ulaya ya kisasa, kwamba mgeni na mwenyeji hawaingii kwa mlango mmoja. Nchini Marekani leo, ambako vitabu vya awali vya Kihispania kwa wanachuo ni vingi hata uteuzi wake ni kazi, kuna vitabu vya pekee kwa vijana waliokisikia nyumbani bila kukisoma.

Lakini jirani yetu wa kweli katika suala hili ni Brazili. Mbrazili anayejifunza Kihispania akitoka kwenye Kireno yuko katika hali ile ile ya Mganda anayejifunza Kiswahili: anaelewa mengi siku ya kwanza, na anakosea kwa kujiamini kwa miaka mingi. Mchanganyiko unaotokea wamekwisha kuupa jina, portunhol. Mwaka 2005 Brazili ilipitisha sheria ya kuzitaka shule za sekondari zitoe Kihispania. Ni mwaka ule ule ambao marekebisho ya katiba ya Uganda yaliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Tangu 2011 mpango wa taifa wa vitabu nchini humo ulianza kutathmini na kununua vitabu vya Kihispania kwa shule za umma, na waandishi wa Brazili wakapata sababu ya kuandika kwa ajili ya msomaji wa Kireno, badala ya kutegemea vitabu kutoka Hispania vilivyomdhania mwanafunzi wa popote. Sheria ile ilifutwa mwaka 2017, jambo linaloonyesha kwamba huko nako siasa ina kauli yake. Vitabu, hata hivyo, vilikuwa vimekwisha kuandikwa.

Amri zisizo na kitabu

Kwetu mpangilio umekuwa kinyume. Amri zimekuja nyingi na kitabu hakikufuata. Agosti 1973, baada ya wajumbe wa wilaya 12 kukichagua Kiswahili na wa wilaya 8 Luganda, Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Chuo kilichotaka kutekeleza tangazo hilo kilikuwa na Steere, Ashton, kitabu cha kujifundisha cha D. V. Perrott cha 1951, na vitabu vya shule vya Tanzania vilivyoandikiwa watoto ambao tayari walikisema Kiswahili. Miaka mitatu baadaye Taasisi ya Kichungaji ya AMECEA, iliyokuwa imekusanya Ggaba wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na kati, ilihamia Eldoret. Jina la kijiji chetu cha wavuvi lilikwenda nayo, na mpaka leo limo katika majalada ya vitabu vinavyotolewa huko. Ilikuwa mojawapo ya taasisi chache za Kampala ambamo Mtanzania na Mganda walisoma chini ya paa moja kwa miezi kadhaa. Mwalimu wa lugha hawezi kuisoma habari hiyo bila kuhisi kwamba nafasi ilipotea.

Waraka wa Serikali wa 1992, uliofuata ripoti ya tume ya William Senteza Kajubi ya 1989, ulitaka Kiswahili kifundishwe kwa lazima. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliridhia kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ulikifanya somo la lazima kwa miaka miwili ya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa upande wa sekondari, vitabu vya mtaala mpya vimeanza kuonekana. Vimeandikwa kwa ajili ya watoto. Mwanachuo wa ualimu mwenye umri wa miaka 20 na kitu, ambaye hakukisoma Kiswahili shuleni na ambaye baada ya muda mfupi atasimama mbele ya watoto hao kukifundisha, ndiye kiungo cha mpango mzima, na hakuna aliyemwandikia.

Kwa vikao vya uteuzi vya sasa, pendekezo la makala haya ni la muda na si la kishujaa. Sarufi ya Ashton iwekwe mezani mwa mwalimu, si mikononi mwa mwanachuo. Hinnebusch na Mirza kitumike kwa mazoezi, na kwa wazungumzaji wa lugha za Kibantu masomo ya ngeli yapitwe haraka. Pembeni yake kila chuo kiandae kurasa zake za ulinganisho, za Luganda na Runyankore kwa kundi moja, za Lwo na Ateso kwa jingine, zikianza na njeo. Kurasa hizo hazihitaji idhini ya mtu yeyote wala fedha nyingi. Zinahitaji walimu wawili wanaojua lugha mbili na likizo moja.

Kwa Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ombi ni moja. Miswada ya vitabu vya awali itakapoitishwa tena, kila mwandishi atakiwe kutaja katika ukurasa wa kwanza mwanafunzi wake anatoka katika lugha gani, na mkaguzi aanze kwa kutafuta -li-.